Msaada: tanuri la shanga za kioo, ninunue lipi?

Shanga_Moshi

Wadau habari za leo. Natengeneza shanga za kioo kwa tochi ya gesi, zile za kuzungushia kioo kilichoyeyuka kwenye fimbo nyembamba ya chuma, mwanzo ilikuwa kujifurahisha tu saa hizi nauza kwa watalii na kwa wadada wanaotengeneza hereni. Shida yangu ni kwamba ushanga nikiutoa motoni nauzika kwenye ndoo ya vemikulaiti, zile chembe nyepesi za madini zinazotunza joto, unapoa vizuri, nausafisha, unang'aa kabisa, halafu baada ya muda mteja ananitumia picha umekatika katikati kwenye tundu. Sio zote, ni zile kubwa kubwa, yaani zile zinazolipa.

Nimeambiwa dawa yake ni tanuri. Sasa nikiingia mtandaoni nachanganyikiwa, kuna ya wafinyanzi, kuna yanayofanana na maikrowevu, kuna mtu anauza lililotumika la kutoka Marekani bei nzuri tu. Mimi natumia vijiti vya kioo vya Effetre vya Italia, siku nyingine chupa za bia. Nichukue lipi na nikishalipata nalitumiaje? Umeme wetu mnaujua lakini.

mzee_wa_tochi

Dada pole kwa hasara. Vemikulaiti haina kosa, kazi yake ni kuchelewesha tu ushanga usipoe ghafla, haiondoi mvutano uliobaki ndani. Ukiutoa motoni ngozi ya nje inaganda kwanza huku tumbo bado lina moto, tumbo nalo likija kupoa linataka kunywea lakini ngozi imeshakuwa ngumu haisogei, basi vinabaki vinavutana humo humo. Ushanga mdogo unaweza kuvumilia miaka. Mkubwa, hasa wenye ncha kali pale tundu linapoanzia, unangoja sababu tu, baridi ya asubuhi au kudondoka mezani.

Tanuri linachofanya ni kuuweka wote, nje na ndani, kwenye joto moja ambalo kioo kinalegea kidogo sana bila kupoteza umbo. Kwa Effetre ni kama nyuzi 510 za Selsiasi. Unakaa hapo nusu saa mpaka saa moja baada ya ushanga wa mwisho kuingia, kisha unashuka nyuzi 60 kwa saa mpaka 370 hivi, hapo unazima na kuacha mlango umefungwa mpaka kesho. Zile nene sana ongeza muda kote kote.

Kwa hiyo ukienda kununua usiulize linafika joto gani, 510 hata la hovyo linafika. Uliza linashukaje. Chukua lenye kontrola ya kupanga hatua, panda hadi hapa, kaa saa hizi, shuka kwa kasi hii. Lile la kuzungusha swichi chini-kati-juu utakesha nalo na shanga bado zitapasuka. Na ukubwa usikutie tamaa, la kisanduku kidogo lenye kamlango ka mbele ka kupitishia fimbo linakutosha, yale ya wafinyanzi ya kufungulia juu kila ukifunua joto lote linakukimbia usoni.

Halafu hizo chupa zako. Usije ukachanganya chupa na Effetre kwenye ushanga mmoja, havitanuki sawa, hapo hakuna tanuri litakalokuokoa. Hata chupa kwa chupa za viwanda tofauti ni kubahatisha. Ushanga wa chupa peke yake unataka joto la juu kidogo, karibu na 550.

stima_254

Naongezea upande wa stima maana hapo ndo watu huungua. Hilo la Marekani angalia kibao cha nyuma, mengi madogo ni volti 120. Ukilichomeka kwa 240 yetu koili zinavuta ampea mara mbili na kutoa joto mara nne, hazimalizi siku. Muuzaji atakuambia nunua tu transfoma, sawa, lakini tanuri la wati 1,500 linataka transfoma inayobeba zaidi ya hapo kwa masaa mengi mfululizo, ni zito kama jiwe na bei yake ukijumlisha ungepata la 240 jipya. Mimi singelichukua hata kwa nusu bei.

La 240 la wati 1,500 linavuta ampea 6 na kitu, plagi ya kawaida ya 13 inabeba bila shida. Usitumie ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu. Tokeni nazo sio mbaya kama watu wanavyoogopa, likishafika joto linawaka na kuzima lenyewe, haliko kwa moto wote muda wote.

Kitu kingine hakisemwi sana: unapoingiza fimbo ya chuma yenye ushanga, ikigusa koili iliyo na stima unapigwa shoti. Ya shanga mengi huwa na swichi kwa mlango, ukifungua inakata. Kama lako halina, zima kwanza ndo uingize.

mwanakioo

Wakuu mbona mnamtisha dada kwa gharama. Wakrobo wa Odumase kule Ghana wanachoma shanga vizazi na vizazi bila kontrola wala koili. Wanasaga chupa mpaka unga, wanajaza kwenye kibao cha udongo chenye vishimo vilivyopakwa kaolini, ule udongo mweupe, ili kioo kisigandie humo, kila kishimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo, kikiungua kinaacha tundu. Tanuri lenyewe la udongo, moto wa kuni. Muhogo tunao, na kaolini Pugu ipo tele. Ajaribu hiyo kwanza.

mzee_wa_tochi

@mwanakioo ni kweli na ni kazi nzuri sana, ila ni kazi nyingine. Pale tanuri ndilo linalounda ushanga, unga unashikana humo humo. Huyu dada ushanga wake unaundwa kwenye tochi, anachotaka ni mahali pa kuupoza. Na moto wa kuni kuushikilia kwenye 510 saa nzima kisha kuushusha taratibu, labda uwe umezaliwa nao.

Shanga_Moshi

Asanteni sana, nimeelewa kuliko video zote nilizoangalia. La Marekani nimeachana nalo. Maswali mawili ya mwisho basi. Umeme ukikatika katikati inakuwaje? Na nitajuaje kama tanuri limefanya kazi, manake ushanga wangu wa zamani nao ulikuwa unaonekana mzima.

mzee_wa_tochi

Ukikatika, kwanza usifungue mlango, huo udadisi ndio unaua shanga. Kama lilikuwa limeshashuka chini ya 370 usijali kabisa. Kama lilikuwa juu, liache lipoe lenyewe halafu siku nyingine unarudia mzunguko wote toka mwanzo, ukipanda polepole, kioo hakikatai kupozwa mara ya pili. Kwa sababu hiyo hiyo hata shanga zako za ndoo zilizobaki nzima unaweza kuzikusanya ukaziingiza zote siku moja. Ndio maana mimi kwa umeme wa huku napenda la matofali mepesi kuliko la sufi ya moto, ile kama pamba isiyoungua. La sufi linapanda haraka na halili umeme sana, lakini ukikatika linapoa haraka vile vile. Matofali yanashika joto. Muulize pia muuzaji kontrola ikirudi inaendelea pale ilipoachia au inalala.

Kujua kama limefanya kazi, fungua kompyuta ukurasa mweupe mtupu, chukua miwani ya jua ile ya polaroidi, shika lensi moja mbele ya skrini uizungushe mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa weka ushanga katikati ya skrini na lensi. Ukiona mwanga unatokea ndani yake, hasa kuzunguka tundu, bado una mvutano. Ukibaki giza uko salama. Inafanya kazi kwa kioo cha kupitisha mwanga tu, vyeusi na vya maziwa havionyeshi, kwa hiyo kila mara weka ushanga mmoja mweupe wa maji kama shahidi.

stima_254

Na stima ikirudi huwa inarudi na hasira, hiyo ndo huua kontrola. Weka gadi, kile kifaa cha kukinga stima ikizidi, lakini soma ampea zake kwanza, nyingi za friji ni ndogo hazibebi tanuri. Ikikatika kabisa zima ukutani, ingoje itulie dakika chache ndo uwashe.

Shanga_Moshi

Kumbe! Miwani ya polaroidi ipo, nimejaribu na zilizobaki kwenye bakuli, ile kubwa ya bluu inawaka pande zote za tundu. Hiyo ilikuwa iende kwa mteja Jumamosi. Naitoa kwenye oda.