Machi Bagamoyo: jua la kuanikia mwani tulitegemee hadi lini kabla masika haijashika?

MwaniMlingotini

Habarini wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua hali ya hewa ya pwani na wanaojua kuanika. Shamba liko Mlingotini, mwani aina ya spinosamu, kamba 300 za mita 5, zimepandwa kwa awamu kati ya tarehe 20 na 30 Januari. Kwa makadirio kila kamba ina kilo 6 mbichi. Chanja (meza za neti za kuanikia) zipo 6, kila moja urefu mita 10, upana mita 1.2. Leo ni tarehe 2 Machi na bamvua (siku za maji kupwa na kujaa sana) inaingia keshokutwa.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu inaonyesha wingu la mvua kila siku wiki nzima, asilimia 40 hadi 60, na hadi sasa hakuna hata tone. Niiamini au niipuuze? Halafu mwani uliopigwa jua siku mbili unalala mkavu, asubuhi unakutwa unanata kama ulioanikwa jana, wala mvua haijanyesha. Mwisho: tuvune zote bamvua hii kabla masika haijaanza, au tugawe?

UpepoWaMatlai

Karibu mkuu. Nianze na msimu. Machi kwetu ni mwezi wa mpito. Kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki) inalegea, kusi (upepo wa kusini-mashariki) bado haijashika, na katikati ndipo panapokuwa na matlai: upepo mwepesi wa mashariki unaobadilika badilika, bahari shwari, joto la mchana kama nyuzi 32 na usiku haushuki sana chini ya 24. Ukanda wa mvua unalifuata jua likipanda kaskazini, na jua linavuka Ikweta tarehe 20 au 21 Machi. Ndiyo maana mvua za masika katika pwani ya kaskazini (Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba) huanza miaka mingi katikati hadi mwishoni mwa Machi, na kilele chake ni Aprili kuingia Mei.

Kwa hiyo wiki hizi mbili za mwanzo ndizo nzuri zaidi zilizobaki kwa kuanika, ila si kavu. Hewa ina maji mengi, upepo ni mdogo. Jua kali peke yake halikaushi mwani. Linaupasha joto tu, maji yanaondolewa na upepo. Siku ya Januari yenye kaskazi ya nguvu inakausha kuliko siku ya Machi yenye joto zaidi.

Simu yako: hiyo asilimia 40 haisemi itanyesha kiasi gani. Kompyuta zinazotengeneza utabiri huo hugawa dunia kwa miraba, mingi ina upana wa kilomita 10 hadi 25, na mraba mmoja unaweza kubeba Mlingotini, mji wa Bagamoyo na kipande kikubwa cha bahari. Hewa ya Machi ikiwa na unyevu mwingi, lazima pawe na kamvua mahali fulani ndani ya mraba, mara nyingi baharini. Acha picha ya wingu, fungua panapoonyesha milimita kwa saa. Siku inayotoa chini ya milimita 1, anika. Siku mbili tatu mfululizo zinazotoa milimita 5 na zaidi, na utabiri haubadiliki ukiutazama asubuhi na jioni, usivune.

Juu ya hayo, soma utabiri wa saa 24 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na ule wa siku tano wa hali mbaya ya hewa. Wakitoa angalizo la mvua kubwa, kwao mvua kubwa ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hiyo si mvua ya kufunika kwa turubai.

Na mwelekeo wa masika, yaani utabiri wa TMA wa msimu mzima, usiutumie kuchagulia siku ya kuvuna. Wakisema mvua za wastani, maana yake jumla ya Machi hadi Mei itakuwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Msimu wa wastani unaweza kuanza na wiki mbili kavu, au na mvua ya siku tatu mfululizo ndani ya bamvua yako.

ChanjaJuu

Nijibu la kunata, maana hapo ndipo vikundi vingi vinapopoteza daraja la ubora.

Mwani hauloani kwa umande tu. Ile chumvi nyeupe inayotokea juu yake ukikauka ndiyo inayovuta maji hewani. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi. Machi pwani mchana uko chini kidogo ya hapo, jua likizama unapita, alfajiri uko 90 na kitu. Sasa ukiacha mwani umetandazwa hadi magharibi, chumvi inafanya kazi usiku kucha, na turubai uliloweka saa mbili usiku limefungia unyevu ndani. Shika konzi alfajiri: vidole vinateleza, na kwenye kiganja kunabaki maji ya chumvi. Huo umerudi nyuma karibu nusu siku ya jua.

Dawa yake ni muda. Saa kumi na nusu jioni, mwani ukiwa bado na joto la jua, ukusanye katikati ya chanja uwe tuta moja refu, upana kama nusu mita. Eneo linalogusa hewa linapungua. Funika hapo hapo. Turubai lisilale juu ya mwani. Weka fito zilizopinda kama upinde, turubai lipite juu, pembeni uache nafasi ya sentimita 20 hadi 30 hewa ipite. Likibana kila upande, jasho linaganda ndani ya turubai na kudondokea mwani. Asubuhi usifungue saa kumi na mbili. Subiri saa mbili hadi saa mbili na nusu, umande ukishakauka kwenye majani ya jirani, ndipo utandaze. Turubai lenyewe lifute au likung'ute pembeni kwanza.

Upakiaji: usizidi kilo 10 mbichi kwa mita moja ya mraba. Chanja yako ni mita 12 za mraba, basi kilo 120. Zote sita ni kilo 720, sawa na kamba 120. Ukijaza kilo 200 kwenye chanja moja, tabaka la chini linachemka badala ya kukauka, linakuwa na rangi ya chai na harufu ya kuoza, na mnunuzi akichoma mkono katikati ya kiroba analipata. Geuza kila saa mbili mchana, kwa mikono, si kwa reki ya chuma. Neti ya chanja iwe imevutwa, isibonyee katikati, na iwe juu ya ardhi walau mita moja.

Kujua kama umekauka: kamua konzi kwa nguvu. Usitoe maji, uwe unavutika kama mpira, usivunjike. Ukivunjika umepitiliza, uzito unaupoteza bure. Njia ya uhakika zaidi ni kupima. Weka kilo 10 za mwani uliochuruzika kwenye kipande cha neti, uanike pamoja na mwingine, upime kila jioni. Mwani mbichi ni maji kama asilimia 90, kwa hiyo ukifika kilo moja na nusu hivi unyevu uliobaki ni karibu asilimia 35, na huo ndio wa kufunga. Kabla ya kufunga, ukung'ute chumvi na mchanga, na uache upoe. Kiroba kilichofungwa mwani ukiwa wa moto hutoa jasho ndani.

Mvua ikikuta mwani uliokauka nusu, usijifariji kwamba umeoshwa. Milimita 5 tu kwenye chanja yako ni lita 60, ndoo tatu za lita 20. Maji yasiyo na chumvi yanaingia kwenye mwani, yanatoa chumvi na sehemu ya utomvu wenyewe unaonunuliwa, na rangi inapauka. Uliopauka hivyo uweke kiroba chake. Ukichanganya, bei ya wote inashuka.

BintiKaole

Nakubaliana na ya chanja, lakini la kuvuna nina hoja. Tarehe 4 kamba za kwanza zina siku 43, za mwisho siku 33. Msivune za siku 33 kwa hofu ya mvua! Utomvu bado haujakomaa, na mwani mchanga una maji mengi zaidi, kwa hiyo hata uzito mkavu hautatoka. Siku 42 hadi 45 ndiyo mahali pake.

Jambo jingine ni joto la maji, ambalo Machi linaumiza kuliko mvua. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha kina kinabaki kidogo jua likiwa linapanda. Kwenye ghuba ya ndani kama Mlingotini maji hayo hupita nyuzi 33. Angalia ncha za matawi. Zikianza kuwa nyeupe kama zimechemshwa, zinalegea na kukatika ukizigusa, hiyo ni aisi-aisi, ugonjwa wa mwani, na kamba hiyo ivunwe siku hiyo hiyo hata kama siku hazijatimia, kwa sababu ndani ya wiki itakuwa imebaki kamba tupu na taitai (vikamba vya kufungia mwani). Spinosamu inavumilia kuliko kotoni (aina nyingine ya mwani), lakini nayo ina mwisho. Mbegu za awamu ijayo zitoeni kwenye kamba za upande wa maji mengi, vipande vya gramu 100 hivi, vyenye ncha nzima na rangi iliyokolea. Za ufukweni zote ziende chanjani.

MwaniMlingotini

Asanteni sana. Kwa hesabu ya ChanjaJuu, kamba 300 ni kilo 1,800 na chanja zinabeba 720 kwa mkupuo. Zinabaki kamba nyingi. Tukiongeza za kuanika chini kwenye makuti inafaa?

ChanjaJuu

Hapana, ndugu. Makuti chini yanashika mchanga, ardhi ya Machi inatoa unyevu usiku, na mvua ikija maji yanakusanyika chini ya mwani. Fanya hesabu ya mikupuo. Kila mkupuo unataka siku tatu, kwa sababu siku ya kwanza mwani unafika chanjani karibu saa sita, ni nusu siku tu. Tarehe 4 vuna kamba 120 za zamani kabisa, zikitoka tarehe 7 vuna 120 nyingine, ambazo nazo zitakuwa na siku 40 hivi. Tarehe 10 zimekauka. Zibaki 60.

Hizo 60 ziacheni majini hadi bamvua ijayo, kuanzia tarehe 18 au 19. Ni kilo 360, na chanja zote sita zitakuwa tupu, kwa hiyo tandaza kilo 5 kwa mita ya mraba badala ya 10. Kipindi hicho hewa ni nzito, tabaka jembamba ndilo litakalokuokoa. Mwani ulio baharini hauozi kwa mvua ya siku mbili. Ulio chanjani unaoza. Kwa hiyo vuneni kwa uwezo wa chanja, si kwa wingi wa shamba.

BintiKaole

Na tukumbuke bamvua ya tarehe hizo iko karibu na jua kuvuka Ikweta, ni miongoni mwa bamvua kubwa za mwaka. Maji yatapwa mbali na kujaa kwa nguvu. Kazeni vigingi na kagueni kamba siku mbili kabla.

UpepoWaMatlai

Niongeze namna ya kuamua kuhusu hizo kamba 60, maana hapo ndipo masika inaweza kuwakuta.

Fungeni utepe wa nailoni kwenye mti mrefu ulio wazi ufukweni. Andikeni upepo unatoka wapi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku. Sasa hivi alasiri utatoka kaskazini-mashariki. Ukianza kutoka kusini-mashariki alasiri tatu mfululizo, kusi inaingia na mvua haiko mbali. Dalili ya pili ni radi upande wa bahari usiku wa manane na mawingu mazito baharini alfajiri. Mvua za masika ufukweni hupenda kunyesha usiku hadi asubuhi, kisha mchana panafunguka. Hiyo ina faida: mkifunika vizuri jioni, mnaweza kupata saa tano za jua hata ndani ya wiki yenye mvua.

Mto Ruvu nao uangalieni, maana mvua ya Uluguru huteremka hadi mdomoni kaskazini ya mji hata kama Bagamoyo hakujanyesha. Upepo ukiwa bado wa kaskazini, maji ya juu yenye tope husukumwa kusini. Mkiona maji ya rangi ya chai yanakaribia ghuba, vuneni mapema, kwani mwani unataka chumvi kamili ya bahari.

Na mkisikia kimbunga kimekaa Mlango Bahari wa Msumbiji, msidhani mvua inakuja moja kwa moja. Mara nyingi kinavuta unyevu kuelekea kwake na huku kwetu panakauka siku kadhaa. Kikielekea huku ni habari nyingine, kama Hidaya kilivyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. TMA wakitangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, teremsheni turubai na fito kwenye chanja, fungeni neti, na msiende shambani siku hiyo.

MwaniMlingotini

Nimeelewa. Tarehe 4 tunaanza na kamba zilizopandwa tarehe 20 hadi 23, za ufukweni kwanza. Kilo 10 za kupimia nitaziweka chanja ya katikati, na nitaandika hapa uzito wa kila jioni.

ChanjaJuu

Weka na saa uliyofunika, mkuu. Uzito bila saa hautatuambia kama tatizo ni jua au ni usiku.