Kinoo cha babu kimeliwa na grainda kwa sababu ya "jiwe ni jiwe"

Asalaam aleikum wanajamvi. Siku ya nne leo sijalala vizuri. Naandika sasa hasira zikiwa bado mbichi, maana nikipoa nitasamehe, na mambo haya yataendelea kufanywa kwa watu wengine.

Marehemu babu alikuwa kinyozi hapa Amu, mtaa wa Langoni. Aliacha vitu vitatu vya kazi: wembe wa kukunja uliotengenezwa Solingen, Ujerumani, ukanda wa ngozi uliokwisha kuwa mweusi kwa mikono yake, na kinoo, jiwe la kunolea wembe huo. Kinoo chenyewe kina urefu wa kiganja na vidole vyake, na upana wa vidole vitatu, kimelazwa ndani ya kisanduku cha mti. Uso wa juu ni manjano iliyopauka, kama samli iliyoganda. Chini ni buluu yenye kijivu inayoelekea zambarau. Ukikitazama ubavuni huoni gundi, rangi mbili zimeshikana zenyewe, na mpaka wake unapanda na kushuka kidogo. Kando yake kuna kipande kidogo cha manjano, saizi ya kiberiti. Babu alikiita "mtoto".

Hakukitia mafuta hata siku moja. Mafuta, alisema, ni ya mapanga. Alidondosha maji matone machache, akamsugua mtoto juu ya mama yake kwa kuzungusha, na baada ya dakika moja pale juu palikuwa na kitu mfano wa tui la kwanza, zito na jeupe. Hapo ndipo wembe unalazwa bapa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, unasukumwa makali yakitangulia, unageuzwa kwa mgongo, unarudishwa. Tui likianza kuwa jeusi kwa chuma anaongeza tone la maji. Anaendelea, anaongeza tone jingine. Linakuwa tui la pili, la tatu, mpaka mwisho ni maji matupu na wembe unateleza kama umewekwa juu ya kioo. Kisha ukanda wa ngozi. Wazee wa mtaani bado wananiita niwanyoe nyumbani, kila mmoja na wembe wake, na hivyo ndivyo ninavyonoa mpaka leo. Ndivyo nilivyokuwa ninanoa mpaka wiki iliyopita.

Miaka ya kazi ilikuwa imechimba bonde katikati ya kinoo. Wembe ukipita ncha mbili zinagusa, katikati haigusi. Nikauliza watu nifanye nini. Nikajibiwa, na waliojibu hivyo wanajijua: "Peleka kwa mwenye grainda akulainishie, dakika tano tu, jiwe ni jiwe." Nikamtafuta fundi mmoja, mtu mzima, ananizidi umri kwa mbali. Nikamwambia, "Ami, nataka uso uwe sawa tu, usile sana." Akanijibu, "Mwanangu, nenda kasali alasiri, ukirudi utalikuta."

Niliporudi jambo la kwanza kuliona si jiwe. Ni unga. Unga mweupe wa manjano sakafuni, kwenye vidole vya miguu yake, kwenye kandambili. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Ameona manjano akadhani ni uchafu wa zamani, sijui nta, sijui mafuta yaliyoganda, akaiondoa "ili jiwe lenyewe litokee". Akafurahi kabisa kunionyesha buluu ilivyotoka safi. Halafu akapaka mafuta ya mashine juu, ling'ae. Akadai shilingi mia tano, na nililipa, kwa sababu sikuweza kusema neno.

Ndugu zangu, ile manjano ndiyo kinoo! Buluu ni kitako. Jiwe lile ni kotikule, linatoka Ubelgiji, milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm. Ndani yake mna punje ndogo mno za madini ya ganeti, ngumu kuliko chuma cha wembe, na hizo ndizo zinazokata. Mtoto anapozisugua zinaachana na jiwe na kuelea ndani ya tui, ndiyo maana tui zito linakata upesi na maji matupu yanalainisha. Tabaka ya manjano ardhini ni nyembamba, mahali pengine haifiki upana wa kidole, na machimbo mengi yalikwisha kufungwa. Buluu nayo ina ganeti na inanoa, sikatai, lakini inanoa polepole na haimalizi wembe kama ile ya juu.

Na kulisawazisha jiwe kama hili hakuhitaji umeme hata kidogo. Unachukua kioo kinene kilichonyooka, unabandika msasa wa maji namba 220. Unachora mistari ya penseli juu ya uso mzima wa kinoo, kama nyavu. Unasugua kwa mkono, maji mengi, bila kukandamiza. Ukiona mistari imefutika kandokando na katikati imebaki, bonde lipo hapo. Unachora tena. Mistari ikifutika yote kwa pamoja unaacha hapo hapo, unapitisha namba 400, kisha 1000, basi. Ni kazi ya jioni moja, na unaondoa kiasi kinachotakiwa tu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia hivi nilipouliza, nilikuja kujifunza baada ya mazishi ya kinoo.

Wala si mafundi peke yao. Mwaka jana nilikuwa Malindi, nikaingia duka la vitu vya kale, nikaonyeshwa jiwe jeusi lililolowa mafuta. Muuzaji kaapa kuwa ni kinoo cha Wareno, cha enzi za Vasco da Gama. Kila kitu Malindi lazima kiwe kimeshuka kwenye jahazi la Mreno mwaka 1498! Nikaligeuza juani. Linameta vijipunje kama sukari, upande mmoja mparuzo mkubwa, upande wa pili mdogo, na mstari wa kati umenyooka kama uliopigwa rula. Hiyo ni kaborandamu. Vinoo vya kitu hicho havikuwako madukani kabla mvumbuzi Edward Acheson hajakipika kwenye tanuri la umeme huko Marekani mwaka 1891. Ni jiwe zuri la patasi na shoka, lakini ukilipelekea wembe linautia mapengo. Aliomba elfu nane, na najua kuna mtu alikuja akazitoa.

Kwa hiyo kabla hujanunua, na kabla hujatupa cha mzee wako, kitazame. Kwanza kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mafuta yanaficha rangi yote. Kama mafuta yameingia ndani, kilaze kwenye mafuta ya taa siku mbili tatu. Usitie tindikali. Kikikauka dondosha maji juu. Vinoo vya asili vya wembe karibu vyote maji yanasimama juu yake, vingi vya kiwandani vinayanywa. Kisha sugua utazame uji wake, yaani lile tui, hapa ndipo jiwe linasema jina lake. Kile cha Thüringen, Ujerumani, ni jamii ya sleti, kijivu-buluu au kijani kibichi kilichofifia, lakini uji wake hutoka mweupeweupe hata jiwe lenyewe likiwa la giza. Charnley Forest ya Uingereza ni kijani, mara nyingi ina madoa au mishipa myekundu, na ni mvivu kunoa, uvumilie. Cha Arkansas, Marekani, ni kigumu mno, hakitoi uji kwa urahisi, hutumiwa na mafuta, na kile kizuri zaidi ukikiweka mbele ya taa mwanga unapenya pembeni kama kwenye ukucha.

Gundi isikutie shaka peke yake. Kotikule nyingi zilibandikwa juu ya sleti tangu kiwandani ili ile manjano nyembamba isivunjike. Na ukiuziwa jiwe jeupe la "kunolea nyembe", kwangua unga wake kidogo udondoshee siki. Likitoa povu ni chokaa, ama marumaru ama matumbawe yetu haya haya tunayojengea nyumba, haliwezi kunoa wembe.

Vitu hivi vipo majumbani kwetu. Amu ilikuwa na vinyozi wa wembe wa kukunja, na hofu ya UKIMWI ilipoingia wakahamia nyembe za kutupa, wakafanya vyema. Lakini vinoo havikwenda popote. Vipo kwenye makasha, vingine vinazuia milango isipigwe na kaskazi, vingine wajukuu wanavunjia korosho. Nimeona kwa macho yangu kimoja kikinoa visu vya samaki.

Sasa nina swali. Upande mmoja wa kinoo changu grainda haikufika vizuri, imebaki manjano upana wa vidole viwili, unene kama wa sarafu. Mtoto ni mzima. Nimejaribu kunoa kwenye hicho kipande kwa mipigo mifupi, nikageuza wembe mara nyingi kuliko kawaida, na jana mzee mmoja nimemnyoa hakusikia kitu. Je, kuna mtu amewahi kutumia buluu kwa tui la mtoto wa manjano, akamaliza na kipande kidogo kama changu? Uwiano wa maji unakuwaje? Na nikikibandika kitako kipya kisipasuke, nitumie gundi gani?

Picha naweka umeme ukirudi. Yule wa "jiwe ni jiwe" asichangie uzi huu.