Arobaini ya bibi imeangukia siku ya mechi Mkwakwani, tufanyeje?

Mjukuu wa Makorora:

Wakuu, salaam. Bibi yetu mzaa mama ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, hapahapa Tanga, akiwa na miaka 73. Tumezika, matanga tumeanua, wageni wamerudi makwao. Imebaki arobaini, na hapo ndipo tulipokwama.

Kwa hesabu ya mama wadogo, arobaini ni Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo saa 10 jioni timu ya mpira ya Coastal Union wapo nyumbani, uwanja wa Mkwakwani. Kwa familia nyingine hilo lisingekuwa jambo la kuitiana kikao. Kwetu vikao vimeshafika vitatu.

Bibi alikuwa Coastal wa kufa na kuzikana. Jina lao la utani, Wagosi wa Kaya, maana yake wanaume wa nyumbani, lakini bibi alikuwa akisema kwenye nyumba ile mgosi ni yeye, wengine wote wapangaji. Alikaa mzunguko, kule kusiko na paa, miaka yote, upande wa jua, kanga moja kiunoni na ya pili kichwani, chupa ya chai ya tangawizi na mfuko wa kashata. Alimpa kashata yeyote aliyekaa karibu, ila ukimtukana beki wake wa kushoto alikunyang'anya, hata kama umeshaing'ata.

Babu ni African Sports, watani wa Coastal hapahapa Tanga. Mama anasimulia kuwa mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa ligi, babu alisusa chakula cha nyumbani siku mbili, akawa anakula kwa jirani. Siku ya watani kukutana bibi alimwita "Kimanumanu", jina la utani la Sports, toka asubuhi, na yeye akamwita "Mgosi", majina ya ndoa yakawekwa kabatini mpaka kesho yake. Kisha ukaja 2016, timu zetu zote tatu, Coastal, Sports na Mgambo JKT, zikashuka daraja msimu mmoja. Nilikuwepo. Walikaa barazani wawili hao, wakanywa chai, hakuna aliyemcheka mwenzake. Sijawahi kuwaona wamekaa karibu vile.

Sasa shida zangu ni tatu.

Kwanza, siku. Tufanye kisomo Jumamosi au tusogeze?

Pili, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe baada ya dua. Mjomba anasema mambo ya mpira yasiguswe kabisa, niandike ibada na malezi tu. Na huyu mjomba, jamani, nyumbani anaitwa Bayi! Alizaliwa wiki ileile ya Februari 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2. Bibi akataka mtoto aitwe Filbert, babu akakataa, wakaafikiana jina la nyumbani liwe Bayi. Leo ana kitambi, akipanda ngazi anahema, na ndiye anayesema michezo isitajwe.

Tatu ndiyo inayoniuma. Babu hajawasha redio tangu msiba. Ukimuuliza kitu anajibu "sawa". Chakula sawa, dawa sawa, kulala sawa.

Halafu kuna hili dogo. Kwenye sanduku lake, chini ya kanga, tumekuta kipande cha kitambaa cheupe chenye kamba za kufungia ubavuni, kimeshonwa herufi GD kwa uzi mwekundu. Si herufi za jina lake wala la mtu yeyote wa ukoo. Kuna anayejua?

Pweza wa Deep Sea:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mkuu. Kuhusu mjomba, mkumbushe tu jina lake mbele za watu, atanyamaza mwenyewe.

Mwananchi Halisi:

Pole mkuu. Mimi Yanga, ila bibi kama huyo namvulia kofia. Swali la uchokozi: fainali ya kombe ya 2022 pale Arusha, Yanga na Coastal, aliipokeaje?

Mjukuu wa Makorora:

@Mwananchi Halisi usinikumbushe. Sopu wetu kafunga mabao matatu, 3-3, mkatutoa kwa matuta. Bibi alizima redio kabla ya penalti ya mwisho, akaenda kutawadha. Aliporudi hakuuliza matokeo mpaka asubuhi.

Ustadhi Mstaafu:

Kijana, pole. Nikujibu la siku. Arobaini ni mazoea yetu, haina tarehe ya kisheria ya kusema ikipita imeharibika. Kufiwa ni siku tatu, na eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane, babu yako haimhusu. Kumwombea bibi na kumtolea sadaka mnaweza siku yoyote. Kwa hiyo msigombane. Mkitaka Jumamosi, someni hitma asubuhi, watu wale pilau adhuhuri, saa 8 vyombo vimeoshwa. Anayekwenda mpirani aende, anayebaki abaki.

Ila wasifu usomwe mfupi. Nimeona watu wamesimama juani dakika arobaini wakisomewa orodha ya wajukuu.

Bint Chumbageni:

Naungana na ustadhi kwenye urefu, na kwa mjomba siungani kabisa. Mama yangu alipofariki tuliandika "alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu". Nikisoma sasa naona ungeweza kumsomea mama wa mtu yeyote. Hiyo kashata ya kunyang'anywa mdomoni iandike! Hapo ukarimu upo na ukali upo, huna haja ya kuvitaja kwa majina.

Somo wa Duga:

Mwanangu, pole. Nimesoma yote nikacheka nikalia, halafu nikafika kwenye kitambaa nikaweka simu chini kwanza.

Hicho ni cha netiboli. Tulikuwa tunavaa kifuani na mgongoni, kila mtu na herufi zake, wachezaji saba. GD (Goal Defence) ni mlinzi, kazi yake kumkaba GA (Goal Attack) wa timu pinzani, mmoja wa wale wawili wanaoruhusiwa kufunga. Na si kukaba kwa kusukumana kama mpira wa miguu. Mwenye mpira unamwachia futi tatu toka mguu wake, unanyoosha mikono, unasubiri. Yeye naye hakai na mpira zaidi ya sekunde tatu. Kwa hiyo GD mzuri ni mwenye subira na mwenye macho, akikurupuka kaadhibiwa.

Miaka ya sabini viwanda na mashirika ya hapa Tanga walikuwa na timu, tulikuwa tukitoka kazini tunaingia uwanjani. Wengi tulishona vitambaa wenyewe. Kama alikitunza miaka yote hiyo chini ya kanga, basi alicheza kwelikweli.

Mwulize babu yako. Usimuulize "unajisikiaje", mmeshamchosha na hilo. Mwekee kitambaa mkononi umuulize: bibi alikuwa anamkaba nani?

Mjukuu wa Makorora:

Shikamoo mama. Hatukujua hata kama bibi aliwahi kucheza. Tulidhani ni mtazamaji tu. Naenda kwa babu jioni hii.

Pweza wa Deep Sea:

Nimeweka kiti hapa nasubiri mrejesho.

Mjukuu wa Makorora:

Wakuu, mrejesho. Samahani nimechelewa, nimerudi saa 5 usiku.

Nilimpa kitambaa baada ya isha. Alikishika, akakigeuza, akapapasa ule uzi mwekundu kwa kidole gumba. Akasema, "Huu uzi nilinunua mimi." Nikamuuliza kama mama alivyonielekeza. Akaniambia bibi alikuwa anamkaba dada yake babu! Ndivyo walivyofahamiana. Babu alikwenda kumshangilia dada yake, dada akafungwa mikono mchezo mzima na binti mwembamba asiyesema neno, na walipotoka uwanjani babu akamfuata binti kumlaumu. Akaishia kumsindikiza kwa baiskeli.

Akasimama, wakuu, na goti lake lile. Akaninyooshea mikono pale sebuleni kunionyesha bibi alivyokuwa anasimama. Mjomba Bayi alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, ila baadaye alinifuata uani akaniuliza wasifu nimefikia wapi, na kama netiboli nimeandika vizuri.

Hitma ni Jumamosi asubuhi. Babu amesema Mkwakwani atakwenda, ila Coastal hatawashangilia hata mkimlipa, anakwenda kuangalia tu. Redio bado hajawasha.

Nilitaka kumkatia tiketi ya jukwaani apate kivuli, akakataa. Anataka mzunguko, mahali pa bibi.

Somo wa Duga:

Upande ule jua la saa 10 linapiga usoni. Mchukulie kofia. Na kashata nani anapika?

Mjukuu wa Makorora:

Mama mdogo. Ila anasema hajui bibi alikuwa anatia hiliki kiasi gani.