Nigombee uchemani (uenyekiti) wa LC1, yaani baraza la kijiji huku Uganda, ama nikae na wenzangu wanaotaka mfumo wote ung'oke? Naomba ushauri

KijanaWaMpakani
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mi niko Busia upande wa Uganda, nauza vipuri vya boda. Wazee wa mtaa wameniita wakasema uchaguzi wa LC ukitangazwa wanataka nisimame uchemani. Huyu tuliye naye tulipanga mstari nyuma yake 2018, ilikuwa miaka mitano, muda ukaisha 2023 akaongezewa, akaongezewa tena, na muhuri wa kijiji anatembea nao mfukoni kwenye kavera (mfuko wa plastiki), ukitaka barua ya kitambulisho unamtafuta mpaka kwenye malwa (pombe ya kienyeji) na ukimpata anadai "ya wino". Mi naona hapo kuna kazi ya kufanya. Ila wenzangu wa steji ya boda wanasema nikiingia nimemezwa, ati huu mfumo haurekebishwi na muhuri, ni wa kung'oa na mizizi, na anayeingia LC anawasaidia tu wakubwa waonekane wana demokrasia. Wengine washaanza kuniita "mzee wa serikali" na hata fomu sijachukua. Nifanyeje? Matusi wekeni kando jameni.

Moto_wa_Chini
Usidanganyike kijana. Kenya 2024 bunge lilikuwa limeshapitisha ule mswada wa fedha, tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni, kesho yake rais akakataa kusaini. Ungepitia kwa chemani mpaka leo ungekuwa unasubiri muhuri.

MamaWaDuka_Jinja
Moto, umehesabu siku, waliokufa mbona hukuwataja? Na sisi huku Julai ileile watu walipotaka kuandamana kwenda Bungeni tarehe 23 walikamatwa hata hawajafika.

Mi niongee nilichokiona kwa macho yangu maana ni ajenti wa pesa za simu. Julai 2018 walileta kodi mbili, asilimia 1 kwenye pesa za simu na shilingi 200 kila siku ukitaka kuingia WhatsApp na Facebook. Banange, kibanda kilikauka! Wateja waliobaki wanatoa hela yote kwa mpigo wanaenda kuficha nyumbani, wengine wananitukana mimi kana kwamba kodi nimetunga mimi. Watu wakapiga kelele, barabarani, redioni, kila mahali, mpaka Novemba ikashuka ikawa 0.5 na kwa kutoa peke yake, yaani ukitoa laki moja unakatwa mia tano badala ya elfu. Ile ya 200 watu waliikimbia kwa VPN, 2021 wakaifuta, halafu wakaweka asilimia 12 kwenye bando. Kwa hiyo polepole unapata nusu, na hiyo nusu nayo wanaitafutia mlango wa nyuma. Lakini mia tano yangu imebaki mkononi.

Nyanya_na_Vitunguu
Kamata muhuri kwanza mengine baadaye 😂😂

Mzee_wa_Luwero
Wanangu, 1971 nilikuwa kijana mdogo, Obote kapinduliwa, Kampala watu wanacheza barabarani. Mwaka uliofuata Wahindi wakapewa siku 90 wahame, na mengine mnayajua. Januari 1986 Museveni akaingia, tukashangilia tena, tukaambiwa hii si kubadilisha walinzi tu, ni mabadiliko ya msingi. Na nisiwe mwongo, kuna kitu kilibadilika kweli, maana hiyo LC mnayoicheka ilizaliwa huku kwetu kwenye vita vya msituni vya Museveni ikiitwa RC, kabla yake mkubwa wa mwanakijiji alikuwa chifu wa kuletewa.

Lakini mnasema polepole haifanyi kazi, hebu angalieni nani bingwa wa polepole nchi hii. 2005 watawala wakatoa kikomo cha mihula ya rais kwenye katiba. Wakakaa. 2017 wakatoa kikomo cha umri wa rais, ile miaka 75, viti vikarushwa Bungeni lakini mwisho kura ikapigwa ikapita. Hakuna serikali iliyopinduliwa hapo, ni kifungu baada ya kifungu, na nchi imebadilika kuliko ingepinduliwa. Polepole inafanya kazi sana tu, shida wanaoitumia ni wao peke yao, sisi tunangoja siku kubwa.

Moto_wa_Chini
Mzee shikamoo, hiyo imeniingia. Ila wao wana wabunge na askari, sisi tuna nini?

Mzee_wa_Luwero
Marahaba. Askari hawaji kwenye mkutano wa kijiji kuulizia pesa ya wino. Anzeni na hiyo.

MamaWaDuka_Jinja
Haya tushuke chini kidogo. Kijana, kura ya LC1 ni ya mstari, siyo ya siri, jirani anakuona umesimama wapi. Mwenye kesi ya shamba kwa chemani hawezi kusimama nyuma yako hata kama anakupenda, kwa hiyo ahadi za wazee usizihesabu sasa. Halafu baraza la kijiji ni kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu, hata wewe umo, kwa nini ungoje uchaguzi? Dai mkutano, muulizeni hela za barua zinaenda wapi mbele ya watu. Na hao wa steji waje, wakishindwa kuja mkutano wa nusu saa basi mapinduzi yao ni ya mdomo. Swali langu: jina lako liko kwenye rejista ya kijiji? Anaitunza nani?

KijanaWaMpakani
Chemani mwenyewe 😅 Kesho namuwahi asubuhi kabla hajaenda kwenye malwa. Asanteni wote, Moto na wewe uko steji gani, njoo kwenye mkutano.

Moto_wa_Chini
Niko Mbale bwana. Nauli nani?