Vita vya Urusi na Ukraine na bei ya wese: tupeane uzoefu, ilikupitiaje?

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni bodaboda, kijiwe Mbagala Rangi Tatu. Tarehe 24 Februari 2022 tuliona kwenye simu Urusi kaingia Ukraine, tukabishana wee mpaka abiria wanatuita hatusikii, hakuna aliyewaza wese. Kumbe dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku na Urusi peke yake anatoa kama milioni 10, sasa ile hofu tu kwamba yatakosekana ikatosha, Machi pipa likagusa karibu dola 139. Huku kwetu maumivu yalikuja na meli za baadaye, Mei petroli Dar 3,148, na Agosti ikafika 3,410 wakati ruzuku ya serikali ilishaanza tangu Juni. Hesabu ya bosi haikushuka hata mia. Nilikuwa naweka lita moja moja, ikikata njiani nashuka nailaza pikipiki ubavu ili yale ya mwisho kwenye tenki yahamie upande wa koki, nawasha, naomba Mungu nifike sheli. Iliniuma sana. Wewe je?

Mama Vitumbua, Tandika:
Mimi sina chombo lakini nililia. Nauli ya Kariakoo ilitoka 400 ikawa 500, kwenda na kurudi kila siku, na mafuta ya kupikia nayo yakapaa maana huyo Ukraine ndio alikuwa muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Kitumbua sikupandisha bei, nilipunguza upawa. Wateja wakaona, wakanyamaza tu.

Babu wa Magomeni:
Wanangu, sisi tuliyaona ya 1973, vita vya Waarabu na Israel, pipa likatoka kama dola 3 mpaka karibu 12 ndani ya miezi michache. Baadaye huku ikapigwa marufuku gari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Siku moja tuko harusini Msasani, baba anatazama saa, bibi harusi hajatoka, saa 8 ikapita. Tulilala hukohuko kwenye mikeka, asubuhi baba akaenda kazini na suti ya harusi.

Bodaboda wa Rangi Tatu:
Shikamoo babu, hiyo ya kulala ugenini sikuwahi kuisikia. Wenye daladala mwaka 2022 mko wapi, mlikuwa mnabakiwa na nini jioni?