Hivi Phil Everly ndo sauti ya juu au ya chini?

Chalii wa Majengo, Moshi
Wakuu heshima kwenu. Jana nilikua napanga vitu vya marehemu mzee nikakuta boksi la viatu limejaa santuri ndogo, moja ya Everly Brothers, waimbaji wa Marekani, imekwaruzika balaa, nikaisaka Yutyubu aisee nikaishiwa pozi. Miaka yote nilijua ni mtu mmoja kumbe ndugu wawili, na huyu Phil kafariki tangu Januari 2014, mapafu. Sasa nataka niandike kitu cha kumkumbuka, yeye ndo yupi? Nisije nikamsifia kaka yake.

Mama Alto
Pole mdogo wangu. Phil ni ya juu, kaka yake Don ya chini. Sisi kwaya huku Arusha tumezoea soprano abebe wimbo wengine tujaze chini yake, hawa wamegeuza, wimbo uko kwa Don halafu Phil anatembea juu yake, Don akiwa do yeye yuko mi, Don akipanda re yeye fa, hawaachani hata kwenye kuvuta pumzi. Sehemu ya mtu mmoja ukisikia, mara nyingi ni Don. Sikiliza Cathy's Clown ya 1960, Don anashuka na wimbo Phil kang'ang'ania noti ileile juu. Jaribu uone kama hujazama nae, mimi nilishajaribu jikoni.

Babu Santuri
Na Beatles, lile bendi la Waingereza, walichukua hapohapo, kwenye wimbo wao Please Please Me mchezo ni huohuo. Ila ndugu hao waligombana jamani utadhani wanagawana kihamba cha urithi! 1973 huko California Phil alivunja gitaa jukwaani akaondoka, Don akamalizia shoo peke yake. Kuja kuimba tena pamoja ni 1983, London. Miaka kumi!

Chalii wa Majengo, Moshi
Mama Alto umenifungua. Mzee akiimba bafuni tulikua tunamcheka tuni haikai, kumbe alikua anaimba ya Phil tupu, ya chini hayupo wa kuimba. Nimempigia baba mdogo Kibosho nikamuuliza, kakaa kimya kidogo af akaniimbia ya Don kwenye simu, mstari mzima.

Mwenye pleya ya santuri inayozunguka hapa Moshi anistue, naazima Jumamosi moja tu.

Babu Santuri
Ninayo, sindano ndo hamna.