Rimu za Hilux ya 1994: muuzaji anasema "nati sita ni nati sita"

BintiNewala

Wakuu habari za jioni. Nina Hilux pikapu ya 1994, modeli LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, springi za majani mbele na nyuma. Ni gari la marehemu baba, sasa naliendesha mimi. Kazi yake ni maji. Huku juu uwandani bomba likikatika watu wanasubiri simtanki langu la lita 1,000, na msimu wa korosho ukifika nashusha tanki napakia magunia.

Rimu ni zile za chuma za inchi 16, tairi 205R16. Juzi nashuka kuelekea Masasi na mzigo, usukani ukaanza kutetemeka. Kusimama nikakuta rimu ya mbele kushoto ina ufa kutoka tundu moja la nati hadi la pili. Kukagua nyingine, mbili matundu yake yameshakuwa na umbo la yai. Kuchomelea sitaki, nataka seti nyingine ya rimu tano, spea ikiwa humo humo.

Muuzaji wa vifaa vya mtumba ana seti mbili za aloi: moja ya Nissan Navara ya 2008, nyingine ya Mitsubishi L200. Zote nati sita. Ananiambia, "Nati sita ni nati sita dada, funga uondoke." Advansi anaitaka kesho asubuhi. Naombeni msaada, zitakaa?

Mkorosho_Tandahimba

Dada, usitoe hata shilingi. Nati za Navara hiyo zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Za Hilux yako ni 139.7. Hapo hakuna cha kulazimisha.

L200 duara lake ni hilo hilo la 139.7, ndiyo maana huyo jamaa anajiamini. Ila angalia tundu la katikati: L200 ni milimita 67, habu ya Hilux (kitovu ambacho rimu inavalishwa) inataka 106. Rimu itagota kwenye habu kabla haijakaa. Atakwambia tupeleke kwa mkereza vyuma atanue. Kataa. Tanki likijaa ni tani nzima ya maji, na utakuwa umepunguza unene pale pale panapobeba.

Pikapu_ya_Liwale

Naunga mkono. Mimi natumia Land Cruiser pikapu njia ya Nangurukuru hadi Liwale, na ushauri wangu ni ubaki na chuma. Aloi ni nyepesi na inapendeza, lakini ikipiga jiwe inapasuka. Chuma kinapinda, fundi yeyote wa kijijini anakinyoosha kwa nyundo unaendelea na safari. Nimelala porini mara mbili kwa sababu ya aloi, nazungumza kwa uchungu.

Usidanganyike pia na rimu za Land Cruiser mpya. Pikapu zao zilizotoka baada ya 1999 zina nati tano, duara la 150. Na mtu akikuletea 7.50R16, kumbuka tairi hiyo inazidi yako kwa kimo takriban sentimita saba. Gari litakuwa zito kupanda ukiwa na maji, na spidomita itakusomea chini ya mwendo halisi.

FundiMkongwe_Mikindani

Binti yangu, wenzangu wamesema vizuri. Mimi nikufundishe kupima mwenyewe ili asikuyumbishe mtu.

Chukua futi ya chuma. Gari la nati sita ni rahisi: pima kutoka katikati ya stadi moja (bolti inayoshika nati) hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Usome karibu sentimita 14. Halafu laza rimu kifudifudi, mgongo juu. Weka ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, upime kina kutoka kwenye ubao kwenda chini mpaka pale rimu inapogusana na habu. Fanya hivyo kwa rimu yako ya zamani, kisha kwa hiyo unayotaka kununua. Kina cha mpya kikizidi, tairi linaingia ndani na litakula springi ukikata kona. Kikipungua, tairi linatoka nje na beringi ndizo zitakazolipa. Tofauti ya milimita chache haina neno, zaidi ya hapo achana nayo.

Ukipata, funga moja mbele, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, tanki likiwa limejaa. Gari tupu halisemi ukweli.

Sasa hayo matundu yaliyopanuka. Mara nyingi ni nati zilizolegea. Mchanga, kutu au rangi nene ikibaki kati ya rimu na habu, baada ya kilomita kadhaa inasagika na nati inapoteza kaza. Piga brashi ya waya pande zote mbili, kaza kwa kuvusha, nati hii kisha ya mkabala wake, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Rimu za chuma zinataka nati zenye mdomo wa koni. Aloi nyingi za Toyota zinataka nati za shingo na washa bapa. Usichanganye.

Kwenye tairi soma namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900. Wewe chukua ya juu.

BintiNewala

Shikamoo fundi, na asanteni kaka zangu. Asubuhi ile ya advansi nilikwenda na futi na ubao wa dirisha. Stadi zangu zimesoma sentimita 14 kamili. Tundu la katikati la ile L200 halikufika hata saba. Nilimwonyesha muuzaji, akakaa kimya, nikaondoka na hela yangu.

Jana nimepata Lindi rimu nne za chuma zilizotoka kwenye Hilux ya umri kama wa hii yangu. Kina kimelingana. Nimezisugua, nimefunga moja mbele kushoto, nimejaza tanki na kukata usukani mpaka mwisho pande zote: haigusi springi. Kesho nafunga tatu zilizobaki na nati mpya za koni, Jumamosi nakaza tena.

Ya tano bado naitafuta. Mwenye nayo Mtwara, Masasi au Nachingwea aniandikie, nitakuja na futi yangu.